Msiisalimie ndege kwa leza

Kwa miaka miwili niliuza leza, vile vimulikio vya mwanga mwembamba unaokwenda mbali, kwenye kibanda changu cha vifaa vya simu hapa Mtwara mjini. Ni zile za kijani, zenye umbo la kalamu nene, zinazokuja na chaja na kijifunguo. Nilizipanga mbele kabisa, pembeni ya makava, kwa sababu vijana walikuwa hawapiti bila kuzijaribu. Msimu wa korosho fedha ikianza kuzunguka, nilikuwa naweza kuuza tatu kwa siku. Leo siuzi hata moja, na ninaandika haya ili muuzaji mwenzangu, na mzazi aliyemnunulia mwanawe, ajue nilichokuwa sikijui.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, magharibi imeshaingia. Nimekaa barazani nyumbani, Chikongola, nasubiri chakula. Ndege iliyochelewa ilikuwa inashuka, taa za mbele zinawaka, mlio umepungua kama kawaida ikikaribia kutua. Mpwa wangu wa miaka kumi na mitatu alikuwa uani na leza aliyoitoa kwenye boksi langu la bidhaa. Nikaona uzi wa kijani umenyooka kutoka mkononi mwake kwenda juu, unaifuata ndege. Nikapiga ukelele, nikamnyang'anya. Mtoto akabaki anatetemeka.

"Mjomba, nilikuwa naisalimia tu."

Nilimwamini, na mpaka leo namwamini. Nani kati yetu aliyekulia huku hajawahi kukimbia nje kuipungia ndege mkono? Yeye alipunga kwa mwanga. Uchungu wangu ni kwamba nilipotaka kumweleza kosa lake liko wapi, sikuwa na maneno. Nilijua ni vibaya, basi.

Maneno nilikuja kuyapata kwa mteja mmoja anayerusha ndege ndogo, aliyefika kibandani kununua waya wa simu. Aliziona leza zangu akanyamaza kwanza. Kisha akaniuliza: "Wewe huku chini unakiona kitone, sivyo? Unajua kule juu kinakuwaje?"

Nikaamua kujionea. Usiku mmoja tulitandaza shuka jeupe kwenye ukuta mwisho wa kiwanja kisicho na nyumba wala njia, nikahesabu hatua mia mbili kurudi nyuma. Kaka yangu alisimama kando ya ukuta na rula, mbali na mwanga. Hapo mkononi mwangu mwanga ulikuwa punje ya mchele. Kule kwenye shuka, kaka akaniambia kwa simu, ni sahani ya wali. Ndivyo leza za kawaida zilivyo: kadiri mwanga unavyokwenda mbali ndivyo unavyotanuka, takriban mita moja kwa kila kilomita. Kwa hiyo usifikiri unachoma tundu dogo kwenye bati la ndege. Ukifika, unajaa kioo.

Na kioo chenyewe kinauzidisha. Waendesha bajaji mtanielewa haraka: kioo cha mbele kina mikwaruzo na vumbi, gari linakuja na taa kubwa, kioo chote kinakuwa cheupe, barabara huioni. Cha ndege nacho huutawanya mwanga, ukaenea chumba kizima cha marubani. Muda huo wamepunguza taa za ndani ili macho yazoee giza na kuona taa za uwanja. Jicho huchukua kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza sawasawa, na mmuliko mmoja unaharibu yote. Rubani anatiwa kiwi, kisha linabaki doa mbele ya macho kila anakoangalia. Ndege hizi za pangaboi zinazotua kwetu, zikiwa zinakaribia ardhi, hukata karibu mita 60 kila sekunde. Hesabu mwenyewe sekunde tano za kutoona.

Rangi ya kijani ndiyo inayosumbua zaidi, kwa sababu jicho la binadamu huiona kali kuliko nyekundu ya nguvu ileile. Leza ya kijani ya miliwati 5 tu (miliwati ni kipimo cha nguvu ya mwanga wake) inaweza kumvuruga rubani aliye zaidi ya kilomita tatu. Na lebo usiitegemee. Nyingi za bei rahisi huandikwa chini ya 5 huku zikitoa zaidi.

Usijifariji kwamba unakaa mbali na uwanja. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinataka eneo la kilomita 18.5 kuzunguka uwanja lilindwe dhidi ya miale ya leza inayotia kiwi. Piga hesabu kutoka uwanja wetu: Shangani imo, Naliendele imo, hata Mikindani imo. Ndugu zangu wa Lindi, pimeni na ninyi kutoka uwanja wenu wa Kikwetu.

Vijana hunijibu kwamba mbona mpirani wanamulika. Ni kweli, sote tulimwona Mohamed Salah wa Misri uso umekuwa kijani anapiga penalti Senegal, Machi 2022. Ila FIFA iliipiga faini Senegal faranga 175,000 za Uswisi, na vurugu za mashabiki siku ile, leza zikiwemo, ndizo zilizosababisha. Kwa ndege adhabu ni nzito zaidi: Marekani na Uingereza sheria inaruhusu kifungo cha hadi miaka mitano.

Mzazi, kabla hujafikiria ndege, mfikirie mtoto wako mwenyewe. Leza ikiingia jichoni, lenzi ya jicho huikusanya kuwa nukta moja nyuma kabisa, ikaunguza pale tunaposomea na kutambulia sura. Mara nyingi hakuna maumivu, na doa hilo linaweza kubaki maisha yote. Akimulikwa na akalalamika kuona kivuli au ukungu, asisugue, na usimtilie dawa ya matone ya dukani. Mpeleke kliniki ya macho siku hiyohiyo.

Kama leza ipo nyumbani, toa betri na uzitunze mbali na kalamu yenyewe. Mwalimu anayehitaji kuonyesha ubaoni, fimbo inatosha. Ukimwona kijana anamulika juu, mwite kwa upole, umweleze habari ya sahani na shuka, kwa sababu wengi wao wanasalimia kama mpwa wangu. Akiendelea, nenda kwa wazazi wake, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa au polisi.

Wauza vifaa wenzangu, najua mzigo ukishalipiwa ni mzigo. Mimi zilikuwa zimebaki kumi na moja. Nilizitoa betri moja moja, betri nikaziuza kwa watu wa tochi, kalamu zenyewe nikazivunja kwa nyundo uani. Mpwa wangu ndiye aliyeshika boksi.