Laini imeongezwa, simu bado zinakatika: maswali yenu kuhusu foleni za mtandao ofisini

Swali: Ofisi yetu ya Arusha ina watu 25. Tumepanda kutoka Mbps 20 hadi 50, lakini simu za IP (zinazopita kwenye intaneti) bado zinakatika, hasa jioni. Tatizo nini?

Jibu: Nashuku bakapu, yaani kunakili data za ofisi kwenda hifadhi ya mtandaoni, maana ofisi nyingi huipanga jioni. Pima upande wa kupandisha data, ambao wengi hawautazami. Bakapu haina haya: ipe Mbps 50, itazila zote. Pakiti za sauti, yaani vipande vidogo vya data vinavyobeba mazungumzo, zinakwama nyuma ya foleni ndefu ndani ya modemu ya mtoa huduma, ambako wewe huna amri. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, katika pendekezo lake la G.114, inataka sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Foleni iliyojaa huvuka hapo bila shida.

Dawa yake inaonekana ya kipuuzi: ibane laini yako mwenyewe. Kwenye ruta, weka kikomo cha kupandisha chini kidogo ya kasi uliyopima, tuseme 45 badala ya 50. Foleni itahamia kwenye ruta yako, na huko kanuni zako zina nguvu. Kisha ipe sauti nafasi ya kwanza. Simu moja ya G.711, njia ya kawaida ya kugeuza sauti kuwa data, hula takriban kbps 87 kila upande, hivyo simu kumi kwa mpigo hazifiki Mbps 1. Hakuna atakayeumia. Kama ruta ina fq_codel au CAKE, mbinu za kugawa foleni kwa haki bila kuiacha irefuke, iwashe. Ofisi ndogo nyingi hazihitaji zaidi ya hapo.

Swali: Tuna matawi manane na kila fundi ana kanuni zake. Sasa tunauziwa "usimamizi kwa sera". Ni kitu kipya au ni jina tu?

Jibu: Kipya sicho. IETF, jumuiya inayoandika viwango vya intaneti, iliueleza mpangilio huo mwaka 2000 katika waraka wake RFC 2753: sehemu moja inaamua, nyingine inatekeleza. Unaandika mahali pamoja kwamba malipo na simu kwanza, bakapu baada ya saa mbili usiku, na mfumo unageuza maneno hayo kuwa amri za kila ruta. Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi na vidhibiti vya SD-WAN, yaani programu inayoongoza laini za matawi yote kutoka sehemu moja. Kwa matawi manane, inalipa.

Ila kabla ya kutoa hela, jiulizeni kama sera yenyewe ipo. Hakuna programu itakayowaamulia kama mfumo wa mauzo utangulie picha za CCTV. Hilo ni la kikao cha wakuu wa idara, na kikao hicho huwa kigumu kuliko kufunga vifaa.

Swali: Bosi anataka laptop yake itangulie kwa kila kitu. Nimwambieje?

Jibu: Kwa heshima, mwambie laptop yake nayo hupakua masasisho ya Windows kama ya karani. Ukiitia yote kwenye foleni ya sauti, sasisho moja kubwa litaziba simu, zake zikiwemo. Mpe kipaumbele cha simu na mikutano ya video, ambacho wenzake wote wanacho. Ukimkubalia, wiki ijayo mhasibu mkuu naye atakuja, na harusi ambayo wageni wote wamekaa meza kuu haina meza kuu. Akishikilia, foleni ya sauti iwekee kikomo.

Swali: Nimeipa sauti alama ya DSCP 46, namba inayowekwa kwenye pakiti kuonyesha kipaumbele chake. Mtoa huduma ataiheshimu?

Jibu: Kwenye intaneti ya kawaida usitegemee. Kwenye laini ya MPLS, ile ya binafsi inayounganisha matawi kupitia mtoa huduma, inawezekana, mradi iwe imeandikwa kwenye mkataba.

Swali: Windows yenyewe inaweza kuweka alama hizo?

Jibu: Ndiyo, kwa Group Policy (mipangilio ya pamoja ya kompyuta za ofisi), tangu enzi za Vista: unataja programu na namba ya alama. Kagua swichi za ofisi pia, kwani baadhi huzifuta alama hizo zisipoambiwa ziziamini.

Swali: Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, sera yetu haikutusaidia chochote. Kwa nini?

Jibu: Sera hugawa kasi iliyopo, haizalishi nyingine. Andikeni na sera ya siku mbaya: mkihamia laini ya akiba, video na masasisho yasimame, malipo na barua pepe yaendelee. Na kikomo kibadilike pia. Ile 45 haina maana kwenye laini ya akiba ya Mbps 10, maana foleni itarudi kulekule kwa mtoa huduma.