Kitanzi baada ya kujifungua: lini hasa?

Tangu nilipogusia kitanzi wiki mbili zilizopita, ujumbe umemiminika, na karibu wote unauliza jambo moja: lini. Nimechagua maswali machache. Kwa asiyekifahamu, kitanzi (wengine wanakiita lupu, wenzetu wa Kenya koili) ni kipande cha plastiki laini chenye umbo la herufi T, kifupi kuliko njiti ya kiberiti, kilichozungushiwa waya wa shaba na kufungwa uzi mwembamba chini. Kinakaa ndani ya mji wa mimba. Hiki cha shaba hakina homoni, kinakinga mimba kwa miaka 10 au zaidi, na ukitaka mtoto mwingine hata mwakani kinatolewa.

Shikamoo mkunga. Mimba yangu ni ya tatu, ina wiki 34. Jirani yangu aliwekewa kitanzi palepale leba, hata hajashuka kitandani. Nilidhani lazima mtu atimize arobaini kwanza. Inawezekana kweli? (Mjamzito, Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Inawezekana, na jirani hakukudanganya.

Kondo la nyuma likishatoka, mlango wa kizazi bado uko wazi na mji wa mimba ni mkubwa, unaushika kwa mkono usawa wa kitovu. Ndani ya dakika 10 za mwanzo mkunga aliyefunzwa kazi hiyo anakipeleka kitanzi kwa koleo refu mpaka juu kabisa, kwenye paa la mji wa mimba, huku mkono wake wa pili ukiwa juu ya tumbo kuhakikisha kimefika. Kisipofika juu, kitashuka. Dakika hizo zikipita bado unaweza kuwekewa kabla ya saa 48 kwisha, yaani kabla hujaruhusiwa kurudi nyumbani.

Ubaya wake nikwambie mapema. Kwa waliojifungua kwa njia ya kawaida na kuwekewa papo hapo, kati ya wanawake 100 kama 10 hivi kitanzi hutoka chenyewe. Kwa waliosubiri wiki kadhaa, hutoka kwa wawili hivi. Ukizitazama namba hizo tu utasema ni heri kusubiri. Lakini mimi nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi, nami nawajua wanaosema "nitarudi baada ya arobaini". Arobaini inatimia na mtoto ana mafua, nauli hakuna, shamba linangoja palizi. Nakumbuka mama mmoja aliyeniaga kwa maneno hayo hayo. Nilipomwona tena, mtoto wake alikuwa na miezi minane, ndiyo kwanza anaanza kusimama kwa kushika kiti, na tumboni kulikuwa na mwingine wa miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani linashauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine. Kwa mwanamke ambaye kurudi kliniki ni safari, namshauri akipate kabla hajatoka hospitali.

Hakiwekwi papo hapo ikiwa chupa imepasuka zaidi ya saa 18 kabla ya mtoto kutoka, ikiwa una homa au dalili za maambukizi, au ikiwa damu inatoka nyingi na haijadhibitiwa. Hapo kwanza tunakutibu wewe, kitanzi kitasubiri.

Sasa nisikilize vizuri: amua leo, ukiwa na wiki 34. Uchungu ukishashika si wakati wa kuuliza mtu habari za uzazi wa mpango, na jibu atakalotoa pale silihesabu kuwa ridhaa. Kliniki ijayo mwambie nesi aandike kwenye kadi yako kwamba unataka kitanzi baada ya kujifungua. Uliza pia kama hospitali utakayojifungulia ina mtu aliyefunzwa kuweka wakati huo, maana ujuzi wake si uleule wa kuweka siku za kawaida. Mradi wa FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi, ulianzia Sri Lanka mwaka 2013, baadaye ukaja kufundisha wakunga na madaktari Tanzania na Kenya, lakini si kila kituo kina mtu wa namna hiyo.

Nimejifungua siku 12 zilizopita. Nimeenda kituoni kuomba kitanzi, nesi amekataa na kunirudisha nyumbani mpaka mtoto atimize mwezi. Nimeona kama kaninyima haki yangu. (Mama wa Dodoma)

Pole kwa safari, mama, ila nesi kafanya sawa. Kuanzia saa ya 48 hadi wiki ya nne kitanzi kwa kawaida hakiwekwi. Leo, siku ya 12, ukiminya tumbo huenda hata huukuti mji wa mimba, umeshashuka ndani ya nyonga. Mlango umeanza kujifunga, nyama yake bado laini. Ukiwekewa sasa, hatari ya kitanzi kutoka au kutoboa mji wa mimba ni kubwa kuliko ilivyokuwa saa 48 za mwanzo na kuliko itakavyokuwa baadaye. Kwa hiyo ama mapema sana, ama wiki nne zikishatimia. Alichokosea ni kukurudisha bila maelezo na bila kukupa kitu cha kutumia.

Mwambie ukirudi: kijiti cha mkononi kinaweza kuwekwa hata sasa na unanyonyesha. Vidonge vya kichocheo kimoja, yaani vyenye homoni ya aina moja tu, pia vinafaa, na kondomu zipo. Sindano ya miezi mitatu, kwa anayenyonyesha, kwa kawaida tunasubiri wiki sita. Huduma hizi kwenye vituo vya serikali hazilipiwi, asikutoze mtu.

Mama mkwe anasema ninayenyonyesha sihitaji chochote mpaka nione siku zangu. Mtoto ana miezi saba. Ni kweli? (Tanga)

Mkweo ana nusu ya ukweli, kwa hiyo mjibu kwa heshima. Kunyonyesha kunazuia mimba vizuri, kwa takriban asilimia 98, lakini masharti matatu yawepo kwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi sita, ananyonya tu usiku na mchana bila uji wala maji, na hedhi haijarudi. Wako ana miezi saba, na bila shaka ameshaanza uji. Masharti mawili yameshavunjika.

Kusubiri uone siku zako ndiko kunakowaponza wengi. Yai hupevuka kwanza, hedhi hufuata wiki mbili baadaye. Mtu anaweza kushika mimba bila kuona hata tone moja tangu ajifungue. Na asiyenyonyesha kabisa asingoje arobaini, maana yai lake linaweza kupevuka hata kabla ya wiki sita. Wewe nenda kliniki wiki hii. Wakishahakikisha huna mimba, kitanzi wanaweza kukuwekea siku yoyote, na shaba haiathiri maziwa hata kidogo.

Niliwekewa kitanzi leba, sasa ni wiki ya tano. Jana naoga nimeona uzi unaning'inia nje. Wifi yangu anasema niuvute kidogo nione kama kimekaa. Nimeogopa. (Mwanza)

Usivute! Mshukuru wifi yako kwa kukuhurumia, lakini uzi huo usivutwe na mtu wa nyumbani. Huvutwa pale tu tunapokitoa.

Kilichotokea ni hiki. Siku unawekewa, mji wa mimba ulikuwa mkubwa na uzi wote ukamezwa ndani, ndiyo maana hukuuona. Kadiri mji wa mimba unavyosinyaa kurudi ukubwa wake wa zamani, uzi unakosa pa kukaa, unashuka. Wengi unawatokea hivyo katika wiki hizi hizi. Tunaukata kwa mkasi, dakika mbili, haiumi.

Kabla hujaenda, jikague. Nawa mikono kwa sabuni, chuchumaa, ingiza kidole cha kati mpaka uguse kitu kigumu kiasi kama ncha ya pua. Huo ndio mlango wa kizazi. Ukigusa uzi tu, mfano wa mshipi wa kuvulia samaki, ni salama. Ukigusa plastiki ngumu, kitanzi kinashuka na hakikukingi tena, kwa hiyo tumia kondomu mpaka ufike kliniki. Na ukipata homa, maumivu makali chini ya kitovu au uchafu wenye harufu mbaya, usisubiri tarehe, nenda siku hiyo hiyo.

Mume wangu anasema kitanzi kinamchoma. Na kuna anayedai kikihama kinakwenda mpaka moyoni. (Kibaha)

Kinachomgusa ni ncha ya uzi uliokatwa mfupi mno ukasimama. Rudi waukate vingine, au waukunje nyuma ya mlango wa kizazi. La moyo si kweli. Hakuna njia ya kutoka mji wa mimba kwenda moyoni. Mara chache sana kinatoboa ukuta na kuangukia tumboni, na hapo daktari hukitoa.

Nilijifungua kwa operesheni miezi minne iliyopita. Juzi kliniki wameniambia kwenye faili imeandikwa niliwekewa kitanzi. Sikuulizwa, sikuambiwa. Nimelia sana. (Msomaji, Dar es Salaam)

Una haki ya kulia, dada yangu, nami nimesoma ujumbe wako mara tatu. Kitabibu, kuweka kitanzi wakati wa operesheni ni jambo zuri. Daktari anakipandisha kwa mkono mpaka juu kabla ya kushona, na hutoka kwa wachache kuliko kwa waliojifungua kawaida. Lakini uzuri huo hauna maana mwenye mwili asipoulizwa. Mimi naipigia debe njia hii kila siku, na jambo kama lako ndilo linalowafanya wanawake waikimbie, na wana sababu.

Kwa waliopasuliwa uzi mara nyingi hujikunja ndani usionekane, kwa hiyo wakikosa kuuona wasikwambie kimeshatoka. Waombe utrasaundi kwanza. Kisha mtake daktari akueleze kilichowekwa ni cha aina gani na kwa nini hukuulizwa, na malalamiko yako yaandikwe kwa mganga mfawidhi. Ukishaelezwa ukaona kinakufaa, baki nacho. Ukitaka kitoke, kitolewe, na wakikuuliza sababu, kuwaambia "sikuulizwa" kunatosha.