Bima ya macho huku Marekani: kabla hujatiki hicho kiboksi, kaa chini upige hesabu

Juzi mdogo wangu mmoja wa Ohio kaniandikia inbox: "Dada shikamoo, kazini wametuletea fomu za bima za mwakani, kuna ya afya, ya meno na ya macho, sasa hii ya macho nitiki au niache? Mimi navaa miwani na mume wangu ana sukari." Nikamjibu kwa voisi ndefu, alafu nikaona bora niandike kabisa, manake kila msimu wa kujiandikisha ukifika swali ni hilihilo na watu wanatiki kwa sababu mwenzao wa shifti katiki.

Mimi miwani navaa toka niko sekondari Morogoro na bima ya macho sina. Hela ya kulipia ninayo, nashukuru Mungu, ila nimeamua, na kila mwaka HR wakinitumia ile meseji ya kunikumbusha nairuka bila wasiwasi wowote.

Kazi yangu ya kwanza hapa Texas nilikuwa nayo. Nikaenda duka moja la miwani lililoko kwenye orodha yao, nikapimwa, daktari mzuri tu hana shida. Shida ilianza nje kwenye fremu. Yule binti wa mauzo kanishika mkono mpaka kwenye shelfu, ananiambia hizi zote bima yako inalipa, mi nachagua kwa raha zangu, tukakaa kwenye kimeza ana tableti yake, anagusa hapa anagusa pale, lenzi nyembamba, dawa ya kuzuia mng'ao, ya kuzuia mikwaruzo, ya mwanga wa kompyuta, kila akigusa namba ya chini inapanda na yeye anatabasamu. Mwisho ananigeuzia tableti nisaini, natakiwa kutoa zaidi ya dola 200. Nikamuuliza si umesema bima inalipa? Akasema inalipa *mpaka* dola 150 za fremu, kilichozidi ni chako. Nikaomba cheti changu cha vipimo niondoke nacho, akanizungusha mpaka akamwita bosi wake, na bosi akaniongelesha kama mtu aliyekuja kuomba msaada, polepole na kwa sauti kubwa, kisa lafudhi. Lile neno lake silirudii hapa ila sijalisahau.

Cheti nilitoka nacho, na nawaambia kwa nini. Kuna sheria ya serikali kuu, inasimamiwa na FTC, ile tume ya serikali inayolinda wateja, ipo toka miaka ya 1970 na 2024 wameikaza zaidi: ukimaliza kupimwa miwani daktari anatakiwa akupe cheti chako bila hata kuomba, bila kukuchaji cha ziada, na akupe *kabla* hawajaanza kukuuzia chochote. Sio fadhila hiyo. Ukishakuwa nacho mkononi unanunua popote unapotaka, duka kubwa kama Costco, mtandaoni, popote. Kwenye Zenni, duka la miwani la mtandaoni, kuna miwani inaanzia chini ya dola 10. Kitu kimoja tu, umbali kati ya mboni na mboni, ambao utauhitaji ukiagiza mtandaoni, mara nyingi hawauandiki kwenye cheti, omba wakupimie palepale ukiwa bado umekaa kwenye kiti cha daktari, ukishatoka wanakuwa wagumu.

Sasa hesabu. Tuseme wanakukata dola 9 kwa mwezi, hiyo ni 108 kwa mwaka. Ukienda kupima unatoa kopei, yaani kile kiasi cha mfukoni mwako, dola 10, lenzi kopei 25. Tayari 143 na hujagusa fremu iliyozidi wala zile dawa za kwenye lenzi. Bila bima, tuseme mtaani kwako kupima ni dola 90 keshi na miwani ya kawaida mtandaoni ni 40, jumla 130. Alafu mwaka wa pili vipimo havijabadilika, miwani yako nzima, hununui kitu, unapima tu, mwenye bima katoa 118 wewe umetoa 90. Na kuna bima zingine fremu wanakupa kila baada ya miezi 24 lakini makato ni kila mwezi, hilo walisome vizuri wale wanaosema "si dola 9 tu".

Ndo maana nasema hii kitu inaitwa bima lakini haifanyi kazi kama bima. Bima inakukinga na janga, gari likigongwa, nyumba ikiungua. Hii unalipia miwani yako mwenyewe kidogokidogo kabla hujaichukua, basi.

Janga lenyewe la macho liko kwenye bima ya AFYA. Jamani hapa naomba tusikilizane. Mama yangu mdogo jicho lake la kushoto halioni kabisa sababu ya presha ya macho, glakoma, na ule ugonjwa hauumi, hauwashi, unakula pembeni taratibu mtu anadhani anaona vizuri, siku anagundua ndo basi, kilichopotea hakirudi. Sisi watu weusi tuko kwenye hatari zaidi, na kama ndugu yako wa damu anao ndo kabisa. Kwahiyo mimi kila mwaka naenda kwa daktari wa macho, wananiangalia presha na ule mshipa wa nyuma ya jicho, na anayelipa ni bima ya afya kwa sababu ni kufuatilia ugonjwa, sio kutafuta miwani. Ni kweli kuna kiasi natoa mwenyewe kwanza mwanzo wa mwaka, natoa. Sukari hivyohivyo, mtoto wa jicho hivyohivyo, jicho likiwa jekundu au ukaanza kuona vimulimuli na vidoa vinaelea ghafla, hapo usianze kutafuta kadi ya bima ya macho, kimbia hospitali sikuhiyohiyo.

Kuna watu nawajua wana hiyo kadi kwenye pochi na wanajiona wako salama, hawajawahi kutanuliwa mboni wakaangaliwa nyuma ya jicho hata mara moja. Inaniuma sana hii. Macho ni yako, usimwachie mtu wa mauzo akuamulie.

Sisemi kila mtu aache. Rafiki yangu wa Dallas nyumba nzima wanavaa, yeye na mumewe ni zile lenzi za progresivu, za kuona mbali na karibu kwa pamoja, ambazo bei yake dukani inatisha, mtoto anacheza mpira anavunja kila mara, kwake makato ya familia yanarudi na chenji juu. Kama kazini wanakulipia wao makato yote, chukua, hapo hakuna cha kufikiria. Ila watoto angalia kwanza: bima za afya za Marketplace, lile soko la bima la serikali la kujinunulia mwenyewe, lazima ziwe na huduma ya macho kwa watoto mpaka miaka 19, na mtoto mwenye Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, anapimwa na kupewa miwani mpaka 21, sasa unamlipia mara mbili ya nini? Na kama kazini kuna FSA au HSA, zile akaunti za kuwekea hela ya matibabu, miwani na kupima vinalipika humo kwa hela isiyokatwa kodi, mi ndo natumia hiyo.

Haya mdogo wangu wa Ohio. Mumeo kuchunguzwa nyuma ya macho kila mwaka kwa ajili ya sukari ni bima ya afya, mwambie akifika mapokezi atoe kadi ile na aseme nina kisukari, manake wakiandika ni kupima miwani bili inageuka. Wewe, kabla hujatiki piga simu duka la karibu uulize kupima keshi ni bei gani, alafu waulize HR fremu ni kila miezi 12 au 24 na makato ni ya kwako tu au ya wote wawili. Fanya kabla dirisha halijafungwa, ukishatiki kujitoa katikati ya mwaka hawakubali labda upate mtoto au mabadiliko makubwa kama hayo. Ukipata majibu nitumie namba, tutapiga hesabu wote.