Konsoli ya mkononi kwa programu za kujitungia: kadi ndiyo itakayokutesa

Kila anayeanza huuliza swali lilelile: "Kuifungua mashine ni kazi ngumu?" Kuifungua ni kuiondolea kufuli ya kampuni ili ikubali programu zisizo na kibali chake, na si ngumu. Ukiwa na maelekezo sahihi ni nusu saa, na sehemu kubwa ya hiyo nusu saa unakodolea macho mstari unaojaa polepole kwenye skrini. Taabu iko kabla ya hapo, wakati wa kuchagua, na baada ya hapo, kwenye kadi ya memori. Mashine yangu ya kwanza niliifungua mchana mmoja, kisha nikapoteza wiki mbili nikihangaika na kadi feki. Mtanisamehe basi nikikaa sana kwenye kadi.

Ninaposema programu za kujitungia nina maana ya gemu, vichezeshi vya muziki, visomea vitabu na mengineyo ambayo watu wameyaandika wenyewe, bila kibali cha kampuni iliyounda mashine. Gemu za wizi ni habari nyingine na siingii huko.

Kabla ya kununua, jiulize unataka kuandika au kutumia tu. Wengi hujibu "vyote", halafu miezi sita ikipita hawajaandika hata mstari. Si dhambi, ila linabadilisha uchaguzi.

Kama kweli unataka kuandika, na unataka kuielewa mashine mpaka ndani, sijaona kitu kinachoishinda Game Boy Advance (GBA) ya Nintendo, ya 2001. Prosesa yake ni ya megahezi 16.78, skrini ina nukta 240 kwa 160, na hakuna mfumo endeshi wowote: programu yako ikishawaka, ndiyo peke yake iliyomo. Unaiweka skrini kwenye modi ya 3, unaandika namba 0x001F kwenye anwani 0x06000000, na nukta ya kwanza kabisa, kona ya juu kushoto, inageuka nyekundu. Hakuna wa kumwomba ruhusa. Tena haihitaji kufunguliwa. Unahitaji katriji ya kuandikika tu.

PSP ya Sony ndiyo ninayowashauri wengi, kwa sababu inafaa pande zote mbili. Ina nguvu ya kutosha, programu zake zimejaa, na toleo la mwisho la mfumo wake, 6.61, lilitoka 2015, kwa hiyo hakuna mlango wa kuifungulia utakaofungwa kesho. Lakini modeli hazilingani. PSP-1000 ina megabaiti 32 za RAM. Kuanzia 2000 ni 64, na zipo programu zinazodai hizo 64. Modeli ya E1000 haina Wi-Fi kabisa, kwa hiyo ukitaka kuandika chochote cha mtandao, ipite. PSP Go inapendeza mkononi, ila kadi zake ni ndogo zaidi, za aina ya M2, si za kawaida ya PSP. Mimi ningechukua 2000 au 3000 nikalala usingizi.

Nintendo 3DS ni nzuri kwa anayependa skrini mbili na kalamu ya kugusa. PS Vita, mrithi wa PSP, ina nguvu zaidi ya hizo zote, na skrini ya OLED ya modeli ya kwanza bado inavutia. Ila ilikuja na kadi za aina yake peke yake, na wengi sasa wanatumia adapta ya microSD inayoingia kwenye tundu la katriji ya gemu. Maana yake unalipoteza tundu hilo.

Mashine hizi leo ni za mtumba karibu zote, kwa hiyo zikague kama mtumba. Geuza PSP uitazame mgongoni: kifuniko cha betri kikiwa kimenyanyuka hata kidogo, betri imevimba, na betri iliyovimba haitumiki tena. Bonyeza kila kitufe. Chomeka kadi, ichomoe, ichomeke tena. Ingia kwenye mipangilio usome toleo la mfumo, na mashine ikikuomba kusasisha, kataa kwanza. Kwenye PSP kusasisha hakuna madhara, lakini kwingine toleo ndilo linaloamua njia utakayopita, na kurudi nyuma huenda kusiwezekane.

Sasa kadi. Yangu ilikuwa imeandikwa gigabaiti 64, na kompyuta nayo ikasema 64. Siku tatu za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Siku ya nne gemu moja ikagoma kuwaka, kesho yake muziki ukaanza kukwaruza, keshokutwa folda nzima ikawa na majina ya herufi zisizosomeka. Nililaumu mashine, nikalaumu programu, nikarudia kila kitu tangu mwanzo mara tatu. Kumbe ndani mlikuwa na gigabaiti 8 tu. Kadi za namna hiyo hurekebishwa zidanganye ukubwa wake. Ukishajaza nafasi halisi, data mpya inaandikwa juu ya ile ya zamani au inapotea tu, na hakuna onyo linalotokea.

Dawa yake ni kuijaribu kadi kabla hujaitumia. Kwenye Windows kuna H2testw, kwenye Linux kuna F3. Zote zinaijaza kadi data mpaka mwisho, kisha zinaisoma tena na kulinganisha. Inachukua saa kadhaa. Iache usiku ifanye kazi, wewe ulale. Kadi ikishindwa, mrudishie aliyekuuzia, na usijidanganye kwamba utaitumia nafasi iliyobaki.

Baada ya hapo ni fomati. PSP na 3DS zinataka FAT32, mpangilio wa zamani wa kupanga faili kwenye kadi. Kadi ya zaidi ya gigabaiti 32 kwa kawaida hutoka kiwandani na exFAT, mpangilio mpya zaidi, na kifaa cha kufomati cha Windows kwa miaka mingi kilikataa kuifanya FAT32 ikizidi ukubwa huo, kwa hiyo utahitaji programu ndogo ya pembeni.

Kuhusu kufungua kwenyewe nina machache. Fuata maelekezo ya maandishi yanayosasishwa, si video ya miaka minane iliyopita. Zana zote za maana ni za bure. Ukiona mtu anakutoza ili kupakua, au faili limefungwa kwa nywila inayopatikana baada ya kujaza fomu, funga ukurasa huo. Na kwenye 3DS, mara tu GodMode9, programu ya kusimamia faili za mashine, inapopatikana, toa nakala ya NAND, yaani memori ya ndani, kabla ya kuchezea chochote, kisha uihamishie kwenye kompyuta. Nakala hiyo imefungwa kwa ufunguo wa mashine yako peke yake, kwa hiyo ya rafiki haitakufaa siku ukiiharibu yako. Niliwahi kumwona mtu ameitunza nakala ndani ya kadi ileile, kisha akaifomati kadi.

Makosa mengine mengi yanayoletwa kwangu ni ya folda. Kwenye PSP programu inakaa PSP/GAME/jina/EBOOT.PBP. Ukifungua faili la zip ovyo unapata folda ndani ya folda, PSP/GAME/jina/jina/EBOOT.PBP, na mashine haioni kitu. Kwenye 3DS taa ya bluu ikiwaka kisha ikazima yenyewe, angalia kama faili la boot.firm lipo kwenye mzizi wa kadi, nje ya folda zote, na kama Windows haijakuficha herufi za mwisho ukaishia na boot.firm.txt. Nimeshaliona hilo zaidi ya mara moja, na mara moja lilikuwa langu.

Kwa wanaoandika: devkitPro inakupa vifaa vya kuandikia programu za GBA na 3DS, pspdev ni ya PSP, VitaSDK ni ya Vita. Jaribu kwanza kwenye emuleta, programu inayoiga mashine kwenye kompyuta, kama mGBA (ya GBA) au PPSSPP (ya PSP), lakini usichelewe kuhamia kwenye mashine yenyewe. Programu yangu ya kwanza ya PSP ilikuwa mraba mweupe unaosogezwa kwa kijiti cha analogi. Kwenye PPSSPP ulitulia tuli. Kwenye mashine ukaanza kutambaa wenyewe kuelekea kulia, sijagusa kitu. Nilitafuta kosa kwenye hesabu zangu jioni nzima, mpaka nilipochapisha namba za kijiti kwenye skrini: katikati inatakiwa kuwa 128, changu kikiachwa kilikuwa kinasema 141. Nikaongeza sharti kwamba tofauti ikiwa chini ya 30 ihesabiwe sifuri, nikapeleka faili upya kwenye kadi, na mraba ukasimama.