Robo inchi isiyoonekana kwenye skrini

Wanaoanza kushona mfarishi wa viraka hapa Mtwara huniletea tatizo lile lile. Mchoro kwenye kompyuta umetulia, pembe zote zimekutana, lakini kitambaa kikishashonwa mistari inapishana na upande mmoja umekuwa mfupi. Ukiangalia mchoro, hauna kosa. Umeonyesha kiraka kilichokwisha kushonwa, na wao wamekata kwa kipimo hicho hicho, bila kuongeza robo inchi ya kushonea kila upande.

Mimi nachorea Inkscape, programu ya kuchora ya kompyuta, kwa sababu ni ya bure na ukishaipakua haikudai intaneti. Ipo pia Electric Quilt, iliyotengenezwa mahsusi kwa kazi hii, ila ni ya kununua. Hiyo ukichapisha violezo, yaani karatasi za kukatia kitambaa, inakuongezea yenyewe nafasi ya mshono. Inkscape haiongezi, lazima ukumbuke wewe. Weka vipimo vyake kwa inchi, maana futikamba na mafundi wetu wanahesabu kwa inchi, kisha washa gridi, ile mistari ya vyumba vyumba kwenye skrini, ili miraba ijipange.

Anza na mfarishi wa mtoto, inchi 36 kwa 48. Ukichora miraba ya inchi 4 utapata 9 kwa upana na 12 kwa urefu, jumla 108. Kwenye kitambaa kata inchi 4 na nusu, yaani robo inchi kila upande. Kitenge cha upana wa inchi 44 hivi kinatoa viraka 9 katika mkanda mmoja wa inchi 4 na nusu, kwa hiyo unahitaji mikanda 12. Hiyo ni inchi 54, yadi moja na nusu tu. Ukitumia vitambaa vinne, kila kimoja mikanda mitatu, nusu yadi ya kila kimoja inatosha na kinabaki cha kufidia makosa. Kabla hujanunua, pita kwa fundi cherehani mtaani kwako umwombe mabaki.

Kanga inataka uangalifu wa peke yake. Maua ya mji wake, yaani sehemu ya katikati, ni makubwa, na ukikata kiraka cha inchi 4 unaweza kubaki na kipande cha rangi moja kisichoeleweka. Tandika kanga sakafuni, weka futikamba pembeni yake, piga picha kwa simu ukiwa wima juu yake. Ingiza picha kwenye programu, ikuze au ipunguze mpaka inchi za futikamba zilingane na inchi za gridi, halafu sogeza mraba juu yake. Hapo utaona kiraka chako kitabeba nini hasa. Jina usilikate ovyo. Kanga iliyoandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio" ikipoteza herufi tatu za mwanzo inaamrisha kinyume chake, na mfarishi unampelekea mtu nyumbani kwake. Mimi jina huliacha zima, nalifanya ukanda wa chini.

Kisha geuza mchoro uwe mweusi na mweupe. Nyekundu na kijani zinazopigana ukiziona kwa rangi zinaweza kuwa kijivu kimoja, na umbo ulilolichora likapotea kabisa. Badilisha kimoja kiwe cheupe zaidi.

Ukienda steshenari kuchapisha violezo, chora mraba wa inchi 2 kwenye kona ya kila karatasi. Mimi nilipewa karatasi zilizopunguzwa ili zienee kwenye A4, na inchi 4 zangu zikatoka inchi 3 na robo tatu. Nilikuwa nimeshakata viraka thelathini. Mwambie achapishe kwa asilimia 100, na upime ule mraba kwa rula palepale kabla hujalipa.

Kitambaa kifuliwe kabla ya kukatwa, hasa nyekundu, kwa sababu huchuja. Kikishafuliwa hulegea na kukwepa mkasi, hivyo kitie kanji nyepesi ya muhogo na ukipige pasi kabla hakijakauka sana. Pasi ya mkaa ipige kwanza kwenye kitambaa kibovu, majivu yadondokee huko. Na msimu wa korosho, uliyeshika mabibo usiguse kitambaa bila kunawa kwa sabuni. Doa lile halitoki.

Sasa mshono, ambao ndio unaoamua yote. Mshono wako ukizidi robo ya robo inchi tu, unakula kila kiraka kiasi hicho, na kwa kuwa viraka ni viwili, kila mshono unameza nusu ya robo. Safu ya viraka 9 ina mishono 8. Umepoteza inchi nzima, na safu inayofuata ikishonwa kwa mkono mwepesi haitalingana nayo kamwe.

Dawa yake ni dakika kumi. Weka rula chini ya sindano, zungusha gurudumu la cherehani kwa mkono mpaka ncha ya sindano iguse alama ya robo inchi. Ukingo wa rula ulipoishia, bandika plasta tabaka tatu au nne juu ya kibati kilicho chini ya sindano, iwe kama ukuta mdogo. Kitambaa kitateleza kikiugusa. Kisha kata vipande vitatu vyembamba vya kitambaa vya upana wa inchi 1 na nusu, vishone sambamba, vipige pasi na upime cha katikati. Kikiwa inchi 1 kamili, anza kazi. Kikipungua, sogeza plasta karibu zaidi na sindano. Kikizidi, iweke mbali kidogo, na ushone vingine.

Pasi usiiburute, inavuta kitambaa. Ishushe, iinue, ishushe. Safu ya kwanza laza mishono kulia, ya pili kushoto, na ukizikutanisha utasikia kwa vidole mishono ikiumana kwenye pembe. Piga pini hapo hapo, kila pembe, kisha shona.