Maswali na majibu: Boti kuukuu, trimtabu mpya?

Barua nyingi safari hii zinauliza jambo moja: boti ya zamani ifungwe trimtabu au iachwe ilivyo? Kwa asiyezijua, ni vibao viwili vya chuma vilivyoshikwa kwa bawaba chini kabisa ya ubao wa tezi, yaani ukuta wa nyuma wa boti, kimoja kushoto, kimoja kulia. Ukivishusha boti ikiwa mbioni, maji yanavisukuma juu; tezi inainuka na omo, yaani mbele ya boti, inashuka. Jina lina tabu ndani yake, lakini tabu yenyewe kwa kawaida ilianza kabla mtu hajafika dukani.

Boti yangu ya faiba, futi 22, nikiongeza mwendo inainua omo hadi sioni mbele. Zamani haikuwa hivi. Nifunge?

Hilo neno "zamani haikuwa hivi" ndilo linalonizuia kukujibu ndiyo. Boti haijibadilishi tabia yenyewe. Je, umebadilisha injini? Injini nyingi za mipigo minne ni nzito kuliko za mipigo miwili zilizotolewa kwenye boti hizi, na uzito huo wote unaning'inia tezini. Kisha ikaja betri ya pili, kisha sanduku la barafu likapata makao huko huko nyuma.

Mwizi mwingine amejificha chini ya sakafu. Boti nyingi za zamani zilijazwa povu la kuelea, na povu likianza kunywa maji halitapiki. Kila lita ni kilo nzima. Kama boti yako hubebwa kwa trela, ipeleke kwenye mizani ya magari, uitoe uzito wa trela, halafu ulinganishe na uzito uliotajwa na mtengenezaji. Ukikuta ziada ya mamia ya kilo ambayo huwezi kuieleza, fungua sakafu kwanza.

Jaribio la bure ni hili: jaza maji madumu manne ya lita 20, yafunge imara omoni, kisha ukimbize boti ileile, siku ya maji matulivu. Umeongeza kilo 80 mbele. Ikipanda juu ya maji mapema na omo ikatulia, shida ni mgawanyo wa uzito. Hapo jaribu kuhamisha betri mbele. Isipowezekana, trimtabu ni pesa iliyotumika vizuri. Isipobadilika hata kidogo, kagua propela na usugue uchafu ulioshika chini ya boti kabla ya kutoboa tundu lolote.

Injini yangu ina trimu yake ya kuinua na kushusha. Kwa nini nihitaji nyingine?

Kwa kuinua na kushusha omo, huenda huihitaji. Trimu ya injini inabadilisha pembe ya msukumo wa propela, na mwenye mkono mzuri anaitumia vyema. Isichoweza ni kunyoosha boti iliyolalia upande mmoja.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Boti yenye chini ya umbo la V, ikipigwa na upepo wa ubavuni, hulalia upande unakotoka upepo. Upepo unasukuma omo, nahodha anakata usukani kurudi upeponi, na boti inainama kule inakokatiwa. Abiria mnene analaumiwa bure na kuhamishwa kiti. Trimtabu moja ikishushwa upande ulioinama, boti inanyooka. Kama safari zako nyingi ni za upepo wa ubavuni, sababu hii peke yake inanitosha.

Nichukue ukubwa gani?

Kanuni ya mafundi ni inchi moja ya upana kwa kila upande, kwa kila futi ya urefu wa boti. Boti ya futi 22 inataka vibao vya karibu inchi 22 kila kimoja, kama nafasi ipo. Acha inchi tatu au nne kutoka ukingo wa nje wa boti, na kama inchi nane kutoka kwenye mguu wa injini. Usiogope vikubwa: kibao kipana hufanya kazi kikiwa kimeshuka kidogo tu, ilhali chembamba lazima kishuke sana, kikiburuta maji.

Fundi anasema ataskurubu tu kwenye ubao wa tezi. Boti ina zaidi ya miaka 25. Nimwamini?

Mwamini baada ya kumwona akigonga. Ndani ya tezi nyingi za umri huo mna plaiwudi iliyofunikwa faiba pande zote. Achukue nyundo ndogo ya plastiki na kugonga kila sehemu: palipo pazima panalia kwa ukali, palipooza panajibu kwa sauti nzito, iliyokufa. Kisha atoboe tundu dogo pale skurubu itakapokaa, atazame unga unaotoka. Ukiwa mkavu na mweupe, aendelee. Ukiwa mweusi na wenye maji, kazi ya trimtabu imeahirishwa na mmepata kazi nyingine, kubwa zaidi. Utakasirika, lakini ubao huo huo ndio unaobeba injini yako.

Hata mbao ikiwa nzima, kila tundu lipakwe epoksi (gundi ngumu isiyopitisha maji) ndani, likauke, kisha skurubu ya chuma kisichoshika kutu iingie na silanti ya boti, ile gundi laini ya kuziba maji. Silanti ya madirisha ya nyumba haifai hapa. Kwa boti inayolala kwenye maji ya chumvi, ongeza kwenye kila kibao kipande cha zinki, kiliwe na chumvi badala ya chuma.

Za umeme au za haidroliki?

Zote zinafanya kazi. Za umeme zina nyaya tu na kufunga ni haraka. Za haidroliki zina pampu na mafuta ya kuangaliwa, ila pampu inakaa ndani, pakavu. Chagua ile ambayo fundi wako anajua kuitengeneza.

Tumeshafunga. Tukiyakabili mawimbi boti ni tamu, lakini tukirudi, mawimbi yakitusukuma kutoka tezini, inataka kugeuka ubavu. Zina kasoro?

Hazina. Umezisahau chini. Vibao vikiwa vimeshuka, omo inachimba maji, na wimbi la nyuma likiinua tezi boti inazungukia omo yake. Hapo ndipo vyombo hupinduka. Kabla ya kugeuza kurudi, pandisha vyote viwili hadi mwisho, na ufanye hivyo pia kabla ya kurudi kinyumenyume na kabla ya kupanda trela.

Na swichi isikushangaze: kwenye mifumo mingi ya kawaida, ukibonyeza kushoto, kinachoshuka ni kibao cha kulia, kwa sababu swichi inafuata upande wa omo unaotaka ushuke. Kabla ya kuondoka gatini, mtu mmoja asimame tezini aangalie, mwingine abonyeze.