Boksi lililoandikwa "Mapazia"

Wiki hii mmeuliza: kazi kubwa ikikutisha, unaianzia wapi? Najua wengi watajibu "igawe vipande vidogo", na watatuletea bandu bandu huisha gogo. Sawa, lakini gogo unaliona, unajua urefu wake. Mimi yangu nisingeweza kuigawa, maana sikujua ndani yake mna nini.

Niko masijala kwenye ofisi moja ya umma hapa Dodoma. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba safari hii inahamia kweli (uamuzi wenyewe ni wa 1973, kwa hiyo masikio yalishazoea), ofisi zilihama kwa awamu. Zamu yetu ilipofika, vitu vilifungwa Dar es Salaam lori likiwa linanguruma nje. Majalada yakasafiri ndani ya maboksi ya sabuni, ya maji ya chupa, ya biskuti. Huku yakarundikwa chumba kimoja mpaka dirisha likazibwa. Mkuu wangu akanipa ufunguo: "Dada, hapa nataka masijala." Akaenda zake.

Wiki tatu sikugusa kitu. Si kwamba nilikaa bure, la! Nilichora jedwali kwenye kompyuta, kila safu na rangi yake. Nikaandika mpango kazi wa miezi sita. Nikaomba rafu, glavu, barakoa za vumbi, na kibarua wa kunisaidia. Kila asubuhi nafungua mlango, natazama, nafunga, naenda kunywa chai. Mwenzangu mmoja akanishauri tuyachome yale ya chini, nani atajua? Sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya 2002 hairuhusu nyaraka za umma kuteketezwa kienyeji, na nakiri kuna siku nilitamani isingekuwepo.

Aliyenianzishia kazi ni mzee mmoja mstaafu, aliyekuja kwa basi kutoka Mpwapwa. Nikamwamkia, akaitikia, akaeleza shida yake: mafao yana walakini, inatakiwa barua ya kuthibitishwa kazini, na nakala iko kwenye jalada lake. "Basi mjukuu wangu, mimi nasubiri hapa." Akakaa kwenye benchi la korido, kofia magotini. Utamwambia nini mtu kama huyo? Kwamba mpango kazi uko tayari?

Nikaingia. Sikuingia kupanga masijala, niliingia kutafuta barua moja. Boksi la kwanza, vocha za malipo. Nikachukua kalamu ya wino mzito nikaandika ubavuni VOCHA na miaka yake, nisije nikalifungua tena. La pili, maombi ya likizo. La tatu, vocha. Jioni mzee akaenda kulala kwa nduguye Chang'ombe, asubuhi nikamkuta benchini. Kufikia siku ya tatu nilishafungua maboksi 41. Barua sijaiona, lakini chumba nilikuwa nakijua. Zaidi ya nusu ni vocha za zamani ambazo hakuna anayeziulizia. Majalada ya watumishi, yaliyokuwa yakininyima usingizi, hayakuzidi maboksi kumi na tano. Na lile jedwali langu la rangi lilikuwa na safu ya "ramani na michoro". Mle ndani hamna ramani hata moja.

Mimi ni mtu wa Kongwa, labda ndiyo maana mpango uliotangulia udongo haunishangazi ukianguka. Waingereza walipoishiwa mafuta ya kula baada ya vita, mwaka 1946 walileta wataalamu watatu wakaizunguka nchi kwa wiki chache, na mwaka uliofuata mitambo ikaanza kung'oa vichaka na mibuyu kwetu. Walitaka ekari zaidi ya milioni 3 za karanga. Wangelima kwanza kishamba kidogo, misimu miwili tu, wangeona: kiangazi udongo ule unakuwa kama sakafu ya saruji, karanga ziko chini na hazing'oki. Mvua nayo ni ya msimu mmoja, ikigoma imegoma. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, paundi zipatazo milioni 36 zikiwa zimekwenda. Baadaye pakawa na ranchi ya ng'ombe, jambo ambalo mfugaji yeyote wa Kigogo angewashauri bila kulipwa posho.

Sisemi mipango ni mibaya. Wangu niliuandika upya baada ya yale maboksi 41, ukatoka ukurasa mmoja, na rafu nikaomba nne badala ya kumi na mbili. Wala sisemi kila kazi ianzwe hivi. Fundi umeme asije akafungua nyaya kwanza ndipo afikiri. Lakini kama kazi yako ni rundo usilolijua, acha kuuliza utalimalizaje. Tafuta mtu mmoja anayesubiri kitu kimoja kutoka humo, ukamtafutie.

Jalada la mzee lilikuwa kwenye boksi ambalo mtu huko Dar aliliandika MAPAZIA, nami siku zote tatu nilikuwa nimelikalia kila nikichoka. Nakala ikatolewa, ikapigwa muhuri, mzee akawahi basi la saa nane. Mapazia yenyewe hatujayaona mpaka leo. Dirisha la mkuu tumeliziba kwa magazeti.